Utajiri wa Filamu ya Mapenzi Uko Katesh: Mwongozo kwa Asiyesikia la Mkuu

Hongera kwa uamuzi wako wa kutengeneza filamu ya mapenzi yenye vichekesho. Wenzako wamenunua bodaboda, wengine wamelima vitunguu saumu Mbulu, wengine wamekodi ekari za ngano Basotu, na wote hao wana tabu moja: msimu ukiisha wanajua wamepata kiasi gani. Wewe tabu hiyo hutaiona.

Mwongozo huu ni wa mtayarishaji anayetaka kuvuna pesa za filamu katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Ukumbi wa sinema wa kisasa hutaukuta Katesh, wala Haydom, wala Mbulu mjini. Wa karibu uko Arusha, na kutoka Babati tu hadi huko ni takriban kilometa 170 za nauli. Hilo lisikutishe. Watu wa huku wanaangalia filamu kuliko unavyodhani. Ambaye hajawahi kufika ni mtu wa kuja kuhesabu.

Shika kikokotoo kabla ya kamera

Utajiri wa filamu hupatikana mapema, kwenye kikokotoo cha simu. Fungua Sensa ya mwaka 2012: Mbulu watu 320,279, Hanang watu 275,990. Jumla yao ni 596,269. Tunatumia sensa hiyo badala ya ile ya 2022 kwa sababu nzuri kabisa: mwaka 2012 bado kulikuwa na watu wanaonunua filamu.

Zidisha kwa kiingilio cha shilingi 500. Umepata 298,134,500. Usitoe watoto wa mgongoni. Usitoe mabibi ambao jua likizama na wao wamelala. Usiwatoe wafugaji walio nyikani na ng'ombe wao, wala Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao hawajawahi kukuomba filamu. Ukianza kutoa, mradi utakufia mikononi.

Sasa weka nakala za kuangalia nyumbani. Kaya ya watu watano ichukue nakala moja, kaya kama 119,000, kila nakala shilingi 3,000: milioni 357. Ukijumlisha na kiingilio unavuka milioni 655, na hapo ni Part One peke yake. Filamu ya Kibongo inayojiheshimu ina Part Two. Zidisha mara mbili. Tayari wewe ni bilionea, na mpiga picha hujamlipa hata nauli.

Mjomba mwenye pesa akionyesha mashaka, mtajie My Big Fat Greek Wedding. Ni filamu ya mapenzi na vichekesho ya mwaka 2002, iliyogharimu kama dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 368 duniani, bila kushika namba moja kwenye kumbi za Marekani hata wikiendi moja. Watu waliambizana tu mdomo kwa mdomo, kama wanavyoambizana huku kuhusu mganga. Mjomba ataguna, kisha atatoa. Usimwambie kwamba mwaka 2007 mwandishi na nyota wa filamu hiyo, Nia Vardalos, pamoja na watayarishaji akiwamo Tom Hanks, walifungua kesi wakidai mgao wao. Mjomba akisikia kwamba Tom Hanks mwenyewe anadai, wewe wa Endasak utamweleza nini?

Mlima hauombi posho

Ukiambiwa kwamba filamu ya mapenzi haiwezi kupigwa kaskazini mwa Tanzania ikauzika, una jibu la zamani sana. Mwishoni mwa mwaka 1960 mwongozaji Howard Hawks alianza kazi Tanganyika akiwa na John Wayne, Elsa Martinelli, Hardy Krüger na msafara wa magari, wakapiga picha Momella, maeneo ya Arusha na Ziwa Manyara. Filamu ikaitwa Hatari! Kila mtu anaikumbuka kwa vifaru wanaofukuzwa na malori. Ukiitazama kwa utulivu utaona kwamba ni hadithi ya mwanaume mzima, mwindaji asiyeogopa mnyama, anayeshindwa kwa zaidi ya saa mbili na nusu kumwambia mpiga picha wa kike kwamba anampenda. Mwishowe watoto wa tembo wanaingia chumbani na kuvunja kitanda cha maharusi. Kama hiyo si filamu ya mapenzi na vichekesho, basi hatujui mapenzi.

Ilitoka mwaka 1962, na fungu la studio ya Paramount kutoka kwenye kumbi za Amerika ya Kaskazini pekee likawa kama dola milioni 7, enzi ambazo dola ilikuwa dola. Baadaye ikaingia kwenye mkanda, ikaingia kwenye DVD, na mpaka leo inauzwa. Hardy Krüger alipapenda Momella hata akanunua shamba huko. Tembo waliovunja kitanda hawana mkataba wowote tunaoufahamu.

Kwa hiyo mandhari yapo. Mlima Hanang una mita zipatazo 3,420, unaonekana kutoka kila kona ya Katesh, hauchelewi kufika eneo la kazi na hauombi kurudishwa Sinza saa nne usiku. Ziwa Balangida lipo chini yake na weupe wake wa chumvi, tayari limeshapakwa poda. Mtayarishaji mwenye akili huvipita vyote hivyo kwa basi, dirisha limefungwa, akienda kukodi sebule yenye sofa za ngozi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mwongozo huu hauna budi kukubaliana naye. Mapenzi ya filamu za Kibongo hutendeka sebuleni. Nje kuna ajali ya gari tu, na baada ya ajali kuna hospitali, na hospitalini kuna dripu.

Kuhusu jina, usijisumbue. Mmarekani alipokuja kupiga filamu kwetu aliiita Hatari! Sisi tukaja na Oprah, Dar 2 Lagos, Uncle JJ na This Is It. Kila mtu alitaka filamu yake ionekane imetoka kwa mwenzake, na nani asiyejua kwamba kuku wa jirani ndiye mwenye mayai makubwa.

Filamu yenyewe

Hapa tutapita haraka, maana ni sehemu ndogo ya kazi. Anza na kava. Weka uso wa steringi mkubwa katikati, msichana kushoto analia, msichana kulia anacheka, moto nyuma hata kama ndani hakuna moto. Weka na namba yako ya simu kwa herufi zinazosomeka, tutaihitaji. Kava likishakamilika, waite waliopo kwenye kava uwaulize wana nafasi lini.

Vichekesho mpe mzee mmoja mnene wa kijijini na kijana mmoja anayejidai mjini. Mfano wa kuiga upo. Marehemu King Majuto wa Tanga na marehemu Sharo Milionea waliwachekesha watu hadi wa huku milimani, ambako bahari wanaisikia kwa jina. Majuto alikuwa na kipaji cha kuchekesha akiwa amesimama tu na kikoi. Wewe huna Majuto, hivyo ongeza mlio wa katuni kila mtu anapojikwaa.

Kata filamu katikati, pale kofi linaponyanyuliwa na kabla halijatua. Kofi litatua Part Two, kwa bei ileile. Kuna watu Hanang ambao mpaka leo hawajui kofi la mwaka 2010 lilitua shavu la nani, kwa sababu Part One ilifika na mtu aliyetoka Singida na Part Two ikaenda Kondoa.

Uza masta, pokea bahasha, rudi nyumbani

Enzi ambazo filamu ilikuwa inaliwa na kushibisha, njia ilikuwa moja. Mtayarishaji alipeleka masta kwa msambazaji Dar es Salaam, na kampuni kubwa kuliko zote ilikuwa Steps Entertainment, iliyoijaza nchi nzima filamu za waigizaji akina Kanumba, Ray na JB. Desturi ya soko hilo ilikuwa rahisi kuielewa: watayarishaji wengi waliuza haki zote kwa mkupuo mmoja. Ulipewa chako, ukasaini, ukatoka. Filamu ikiuza nakala kumi au laki moja, hilo lilikuwa jambo lisilokuhusu tena, na kusema kweli lilipunguza msongo wa mawazo.

Usome mkataba? Si lazima. Kusoma mkataba kunaonyesha humwamini mwenzako. Mwaka 2018, King Majuto akiwa mgonjwa, ndipo mikataba ya wasanii ikawa habari ya kitaifa, hadi aliyekuwa waziri mwenye dhamana, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Majuto alifariki Agosti mwaka huohuo. Yeye alikuwa amecheza filamu zisizo na idadi, na nchi nzima ilimjua kwa sura na sauti. Hapo ucheke kidogo, kisha usome tena mkataba wako hata kama mwongozo huu umesema si lazima.

Mapato ya mlangoni

Sasa tumefika kwenye banda la video, au kibanda umiza kama wanavyoliita wenyewe, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Wanadhani mapato ya mlangoni yanahitaji mlango.

Fika Dongobesh siku ya mnada. Banda ni la mabanzi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili wa nje wasione bure. Mabenchi ni mbao zilizopigiliwa kwenye magogo mafupi. Anayekaa mwisho akisimama, wa katikati wanajua. Runinga ni ya kichogo, imefungwa kwenye kizimba cha nondo mithili ya mtuhumiwa, na pembeni kuna spika mbili kubwa kuliko runinga yenyewe. Mlangoni kuna pazia la kitenge, na kwenye pazia amekaa kijana wa miaka kama kumi na minne akiwa na kopo la Blue Band. Kopo hilo ndilo ofisi kuu ya takwimu za filamu nyanda zote hizi.

Nenda kwa mwenye banda kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu ndani, inaanza sasa hivi. Mia tano."

"Mzee, mimi ndiye mwenye hii filamu."

"Aa! Hongera sana. Basi ingia bure."

Hapo umeshalipwa. Ukisisitiza habari za mgao, mzee ataanza kukuhesabia: mafuta ya jenereta, kodi ya kiwanja, mgambo, leseni, king'amuzi, na fundi aliyetengeneza spika baada ya mlevi kumwagia pombe. Utajikuta ni wewe unayemwomba radhi. Toka nje taratibu. Mlangoni yupo mama anauza karanga na miwa, na ukikaa naye utagundua kwamba kati ya watu wote wanaoishi kwa filamu yako, yeye pekee ndiye anayetunza daftari.

Kumbuka pia ratiba. Jumamosi na Jumapili banda ni la mpira wa Uingereza, na hakuna busu lililowahi kuishinda Arsenal ikicheza na Manchester United. Simba na Yanga wakikutana, hata filamu ya ngumi inaahirishwa. Filamu yako itapangwa Jumanne saa nane mchana, kati ya watu wanaosubiri gari na watu waliokimbia mvua. Msimu ndio wako: ngano ikishavunwa, au vitunguu vikishauzwa, kijana mwenye pesa mfukoni humleta mchumba bandani, akalipa viingilio viwili na karanga za shilingi mia mbili. Huyo ndiye mteja halisi wa filamu ya mapenzi. Mtunze. Haangalii filamu, lakini amelipa.

Kitu kingine: bei yako inashindana na bure. Soko lilianza kuharibiwa enzi za ukoloni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu wa Meja Notcutt, wenye makao yake Vugiri huko Usambara, ulipiga filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani, ili Mwafrika ajifunze usafi, kilimo na kuweka akiba. Mwalimu haombi kiingilio. Halafu likaja lori la afya, likaja la uzazi wa mpango, likaja la chama, likaja la kampeni ya sabuni. Na likaja la Filamu ya Yesu, iliyotengenezwa mwaka 1979 na kutiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000. Tangu hapo mtu wa kijijini akiona kitambaa cheupe kimetundikwa kati ya miti miwili, huja na kigoda chake na kutulia akisubiri kufundishwa. Mwombe mia tano, atakuuliza wewe ni dhehebu gani.

Kicheko cha nani?

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo mtayarishaji wa mjini hupoteza zaidi ya pesa.

Mbulu na Hanang ni mahali ambapo Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kinailoti, Wanyiramba na Wanyaturu wa Kibantu, na Wahadzabe wenye lugha isiyofanana na ya yeyote kati yao, wanakutana mnada mmoja. Kiswahili wanakijua, tena vizuri, ila kicheko hakifiki kwa wote kwa wakati mmoja. Mzaha wa Tanga unafika Haydom, unapigwa na baridi, unahitaji dakika moja ya kujipasha. Ukikaa nyuma ya banda utasikia kicheko kikija kwa mafungu: kwanza walimu na wauguzi, halafu vijana wa bodaboda, halafu mtu mmoja aliyetafsiriwa na jirani yake, peke yake, wakati kwenye skrini steringi anazikwa.

Tatizo kubwa zaidi ni msuko wa hadithi. Filamu ya mapenzi ya mjini ina tajiri mbaya na maskini mzuri, na msichana anamchagua maskini. Ionyeshe Hanang. Tajiri anapotaja ng'ombe wake, wazee wa mbele wananyamaza na kuinamia skrini. Msichana anapomkataa, banda zima linaguna. Anayeguna si katili. Ni mtu aliyewahi kuhudhuria kikao cha mahari, anayejua kwamba pale hapakuwa na baba, hapakuwa na mjomba, hapakuwa na hata mshenga, na watu wawili wamekaa hotelini wakila chipsi na kusema wameoana. Nilimsikia mzee mmoja Katesh akiuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Sasa huyu binti ni wa nani?" Katika saa tatu za Part One na Part Two, mwandishi wa hadithi hakuwa amemjibu.

Dawa ilishagunduliwa zamani: mtafsiri. Marehemu Lufufu alipokuwa akiweka sauti yake juu ya filamu za kigeni, hakutafsiri tu. Alieleza, alionya, aliwatania waigizaji, na palipokuwa na pengo alitia lake. Kenya wana DJ Afro. Kazi hiyo huifanya filamu ya Wachina au Wahindi iwe na baba, mjomba na mshenga hata kama mwenyewe aliyeipiga hakuwahi kuwafikiria. Mtayarishaji mwenye jicho la mbali angemtafuta kijana mwenye mdomo mwepesi, akamfanya awaeleze watu wa Mbulu kwa Kiiraqw na wa Basotu kwa Kidatoga kinachoendelea kwenye sofa za Mbezi Beach. Usifanye hivyo. Kijana huyo atapendwa kuliko filamu, na wiki ya pili watu watamuuliza yeye Part Two inatoka lini.

Soko la nyumbani

DVD halali ilikuwa na stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Utaratibu wa stempu kwenye kazi za filamu na muziki ulianza mwaka 2013, na makusudi yake yalikuwa mema: stempu moja, nakala moja, kodi moja, haki moja. Stempu ilibandikwa Dar es Salaam, ikasafiri na DVD yake hadi Arusha, ikashuka Babati, ikapakiwa kwenye Noah kwenda Katesh. Ilipofika, ilikuta meza ya mnada imejaa filamu zake mwenyewe zilizotangulia, ishirini kwenye diski moja, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "MAPENZI MCHANGANYIKO". Filamu yako ilikuwa namba 14, kati ya ndondi na kwaya.

Bei ya diski ile ilikuwa ndogo kuliko ya nakala yako moja, na muuzaji alikupa dhamana: ikikwama, rudisha upewe nyingine. Nani aliwahi kukupa dhamana ya filamu halali?

Wasanii wenzako hawakukaa kimya. Aprili 2017 wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo, Dar es Salaam, wakipinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Walichokuwa wanakidai kilikuwa na msingi. Umma ukawajibu kwa lugha ya wateja: tengenezeni nzuri tutanunua. Majibizano yalikuwa matamu, na kama yangepigwa picha yangekuwa filamu bora ya vichekesho ya mwaka ule. Wakati yanaendelea, muuzaji wa Katesh alikuwa ameshaacha diski. Alikuwa na kompyuta mpakato iliyopasuka kona, waya wa chaji uliofungwa gundi, na foleni.

Foleni ile ndipo soko lako la nyumbani lilipo leo. Mtu anakuja na memori kadi au flashi, anataja anachotaka kwa ujumla, "nitupie za kulia na za kucheka," anaenda kununua dawa ya mifugo, anarudi, inakuwa tayari. Kijana wa kompyuta hana haraka wala hajifichi. Ana mafaili yaliyopangwa vizuri kuliko ofisi nyingi za umma: Kibongo, Kinigeria, Kihindi, Kikorea, Kituruki. Ukimuuliza filamu ipi inaenda sana mwezi huu, atakujibu palepale, bila kamati. Ukitaka kuanzisha chati ya mauzo ya filamu Tanzania, usiende kwingine.

Utashtuka utakapoona faili la Kituruki limejaa. Azam TV waliingia mwaka 2013 na ving'amuzi vyao, wakaleta tamthilia za Kituruki zikisema Kiswahili safi, na jioni moja tu mabibi wa Mbulu wakawa wanajua siasa za jumba la Sultani kuliko za halmashauri yao. Ukiwachunguza hutawalaumu. Pale jumbani mahari inajadiliwa, mama mkwe ana sauti, ukoo unahesabika, na hakuna binti asiye wa mtu. Azam hao hao wana chaneli ya Sinema Zetu kwa ajili ya filamu za hapa, hivyo ukipata nafasi huko chukua, maana ni miongoni mwa milango michache ambayo anayelipa na anayeangalia wanajulikana. Mwongozo huu unataja ushauri huo kwa haya, kwa sababu haufanani na mwingine.

Huduma kwa mteja

Ulifuata maelekezo? Namba yako ya simu ipo kwenye kava? Basi subiri.

Miezi kadhaa baada ya wewe kusahau, simu italia usiku, upepo nyuma yake, na mtu atajitambulisha kwamba yuko Basotu. Hataanza na salamu ndefu. Atakwambia filamu yako inakwama dakika ya arobaini na saba, pale msichana anapofungua mlango, na mke wake hawezi kulala bila kujua kuna nani nje. Anataka umtumie upya, kwa WhatsApp kama inawezekana, na ukate vipande vidogo kwa sababu bando lake ni la shilingi mia tano.

Usikasirike, na usimwambie neno wizi. Mwite kaka. Mpe pole kwa mkwamo. Muulize faili alilipata kwa nani, alilipa shilingi ngapi, kabla yake walikuwa wangapi kwenye foleni, na wote walitaka hiyo hiyo au walichanganya na kwaya. Andika kila anachokujibu, na uweke tarehe. Ukimaliza, mwambie aliye nje ya mlango ni mjomba wa binti, amekuja kuuliza habari za mahari. Kama filamu haina mjomba, mpigie mwandishi wako asubuhi.